Thina si Sabuni: Mng'aro wa Spika Unavyopotea Kibera na Kawangware

Ukishuka matatu ya namba 46 Kawangware, Nairobi, na kufuata Barabara ya Naivasha, utazisikia spika kabla hujaziona. Kila duka la vifaa vya umeme limezitoa mlangoni, na zinazowekwa mbele kabisa ni zile nyeusi za kung'aa, wufa za Sayona na Vitron ambazo mteja akizikaribia anauona uso wake humo. Kibera mambo ni hayo hayo, kuanzia Olympic hadi Makina, na pia katika Soko la Toi, ambako amplifaya na spika za mtumba zinazoitwa “ex-UK” hupangwa mezani zikiwa bado na makovu ya nyumba zilikotoka. Mng'aro ndio unaouza. Mnunuzi hawezi kufungua boksi dukani akague sumaku ya spika ina uzito gani, kwa hivyo hupima kwa macho.

Sasa itafute wufa hiyo hiyo baada ya mwaka mmoja, katika chumba cha futi 10 kwa 10 ilikohamia. Mara nyingi utakuta uso umeingia ukungu, maandishi ya vitufe yamefutika, na palipokuwa na stika pamebaki doa la gundi nyeusi iliyoshika vumbi, au baya zaidi, plastiki iliyoyeyuka. Mwenye nyumba atalilaumu vumbi la mtaa. Nimezitazama spika nyingi za namna hiyo na hukumu yangu ni nyingine: uchafu wenyewe karibu kila mara ungetoka kwa maji na sabuni. Kilichoua mng'aro ni kile kilichotumiwa kuusafisha. Tone la thina, pamba yenye dawa ya kuondoa rangi ya kucha, dawa ya meno, unga wa kusugulia sufuria, au kitambaa kikavu kilichoburutwa juu ya mchanga.

Uso hung'aa kwa sababu ni laini kiasi kwamba mwanga unaoupiga hurudi kwa pamoja upande mmoja. Ukichimbwa mikwaruzo, hata ile midogo isiyoonekana mmoja mmoja, mwanga hutawanyika na weusi hugeuka kijivu. Plastiki nyingi za mbele ya wufa na redio ni ABS, iliyomiminwa ikiwa moto ndani ya kalibu ya chuma iliyosuguliwa hadi ikawa kama kioo. Mng'aro wake ni nakala ya kalibu ile. Haujapakwa vanishi, na hakuna tabaka jingine chini litakalong'aa hili la juu likiondoka. Asetoni, iliyomo katika dawa nyingi za kuondoa rangi ya kucha, huyeyusha ABS katika muda mfupi sana. Thina ya rangi, ambayo aghalabu ni mchanganyiko wa toluini, asetoni na jamaa zake, hufanya vivyo hivyo. Petroli nayo hupenya na kuiacha plastiki imefifia au ikiwa na nyufa zitakazojitokeza baadaye.

Kifuniko angavu cha mashine ya santuri kwa kawaida ni akriliki, na akriliki ina udhaifu wake. Spiriti na dawa za kusafishia madirisha zenye amonia huweza kuitoa nyufa nyembamba zisizohesabika, hasa kwenye kona na karibu na skrubu, mahali ambapo plastiki imekazwa. Nyufa hizo hazina dawa. Ubavu wa wufa za bei nafuu ni habari nyingine kabisa: ni mbao za MDF zilizovikwa ngozi nyembamba ya PVC. Thina huikunja ngozi hiyo, na maji yakipenya ukingoni hufurisha mbao zisirudi tena katika unene wake wa awali.

Halafu kuna boksi zinazoundwa hapa hapa. Mafundi seremala wa kando ya Barabara ya Ngong na wa Kawangware huunda boksi za spika za makanisa, za vilabu na za matatu, kisha wakazipiga laka kwa bomba la hewa. Laka iliyo rahisi kupatikana ni ya nitroselulosi. Hukauka kwa dakika chache kwa sababu thina yake inaruka hewani tu, wala hakuna badiliko jingine linalotokea ndani yake. Ndiyo maana thina ile ile itailainisha tena hata miaka 20 ikipita. Laka ya poliyurethani, ile ya kuchanganya makopo mawili, hufungamana inapokauka na hairudi kuwa majimaji, kwa hivyo ina uvumilivu mkubwa zaidi. Ukiziangalia tu huwezi kuzitofautisha. Njia ya kuzijua ni kuchovya kijiti cha pamba ndani ya thina, kukigusisha chini ya boksi karibu na miguu ya mpira pasipoonekana, na kungoja kidogo. Pakianza kunata, hiyo ni nitroselulosi, na thina isiiguse tena.

Vyombo vya zamani vinahitaji heshima zaidi. Baadhi ya gramafoni na redio za mbao za wakati wa babu zetu zilipakwa shelaki, utomvu unaotengenezwa na wadudu wadogo wa India na nchi jirani, na shelaki huyeyuka katika spiriti. Santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika zilitengenezwa kwa shelaki hiyo hiyo iliyochanganywa na unga wa mawe. Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, sauti yake ilirudi Zanzibar ikiwa imechorwa juu ya shelaki. Anayeikuta santuri ya namna hiyo katika sanduku la familia akaipangusa kwa spiriti anafuta kitu ambacho huenda hakina nakala nyingine duniani. Santuri za vinili zilizokuja baadaye haziyeyuki hivyo. Mwenye wasiwasi na alichonacho si vibaya afike Soko la Kenyatta, si mbali na Kibera, kibanda nambari 570, ambako Jimmy Rugami amekuwa akiuza santuri na mashine zake tangu 1989. Kuuliza hakugharimu kitu.

Turudi kwenye uchafu. Ulio mwingi zaidi ni vumbi, na vumbi la njia zetu zisizo na lami limechanganyika na punje za mchanga ambazo ni ngumu kuliko plastiki yoyote. Kupangusa vumbi hilo kwa kitambaa kikavu ni kuipiga spika msasa. Pili ni masizi. Nyumba inayopikia stovu ya mafuta ya taa, au iliyowasha koroboi umeme ulipopotea, hupata utando mweusi wenye mafuta juu ya kila kitu, na mvuke wa mafuta ya kukaangia huugandisha. Waliookoa vyombo katika moto wa Soko la Toi, kama ule wa Juni 2024, wanalijua tatizo hili kwa ukubwa wake: masizi yakifutwa makavu husambaa na kuingia kwenye kila mkwaruzo.

Tatu ni mende. Amplifaya ina joto usiku na mende hupenda joto, kwa hivyo madoa yao ya kahawia hujaa karibu na matundu ya hewa. Wengi huvipulizia vifaa dawa ya wadudu. Dawa hizo nyingi zimeyeyushwa katika mafuta mepesi jamii ya mafuta ya taa, nazo huacha ukungu wenye mafuta juu ya plastiki, mbali na kuingia ndani kwenye saketi. Mende wapigwe vita sakafuni na ukutani, spika ikiwa imeondolewa au imefunikwa.

Nne, na ndiyo inayoleta maafa mengi, ni gundi. Stika ya alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), stika ya bei, ya dhamana ya duka, karatasi ya selotepu iliyofunga kifuniko cha katoni. Kisha mwenye nyumba huongeza zake: ya Gor Mahia kwa wengi wa Kibera, ya AFC Leopards kwa wengi wa Kawangware, ya kanisa, ya mgombea wa uchaguzi uliopita. Tena kuna ile nailoni nyembamba ambayo kiwanda huipachika juu ya uso unaong'aa. Watu huiacha miaka wakidhani wanautunza upya wa chombo, na kumbe gundi yake inazeeka kwa joto na jua hadi siku nailoni inapobanduliwa inaacha gundi yote nyuma. Nailoni hiyo itolewe wiki ile ile spika iliponunuliwa.

Sasa kazi yenyewe. Chomoa plagi ukutani, usiridhike na kuzima swichi, na uache chombo kipoe. Amplifaya kubwa hubaki na umeme ndani kwa muda hata ikichomolewa, kwa hivyo usipeleke kitu chochote chenye maji kwenye matundu. Ondoa kwanza vumbi lililolegea bila kugusa uso: kile kifaa cha mpira cha kufyonzea kamasi za mtoto, kinachouzwa katika duka la dawa, hupuliza hewa safi vizuri sana. Brashi laini ya poda ya usoni hufuata, kwa mkono mwepesi.

Kisha changanya matone mawili matatu ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika kikombe cha maji vuguvugu. Ni ya vyombo hasa. Sabuni ya unga ya kufulia ina chumvi nyingi zinazoacha alama. Kitambaa kinachofaa ni kile cha maikrofaiba ambacho wachuuzi huwauzia madereva kwenye foleni. Usipokipata, fulana ya pamba iliyofuliwa mara nyingi itafaa, ukikata sehemu zenye mshono na maandishi ya plastiki. Kichovye, kikamue hadi kisidondoshe tone, ukilaze juu ya uchafu na ukipe muda kabla ya kukivuta. Doa la mende likilowanishwa dakika tano hutoka lenyewe, na likikwanguliwa kwa ukucha hutoka na mng'aro. Pangusa kwa mistari iliyonyooka, ukikunja kitambaa kupata upande safi kila baada ya mkupuo. Kupangusa kwa duara huacha alama za mviringo ambazo taa ya dari huzianika zote.

Maji ya mwisho yana umuhimu kuliko wengi wanavyodhani. Maji ya kisima kirefu Nairobi yana chumvi na yakikauka huacha vitone vyeupe. Maji ya betri, yale yaliyoondolewa chumvi na kuuzwa katika vituo vya petroli, ndiyo bora ya kupangusia mara ya mwisho, na chupa moja hudumu miezi mingi. Ila soma chupa kwa makini au umuulize muuzaji: asidi ya betri huuzwa rafu ile ile, na kosa hilo litakula kitambaa, spika na ngozi ya mkono wako. Kausha kwa kitambaa cha pili mara moja, usingoje hewa.

Gundi inahitaji uvumilivu, na uvumilivu hapa si maneno matupu, ni kemia. Baadhi ya gundi za stika zina asili ya mpira, na mpira hufura na kulegea unapokunywa mafuta. Anza kwa joto. Mashine ya kukaushia nywele iwe mbali kiasi kwamba kiganja chako kinavumilia pale kwenye stika, kwa sababu ABS na akriliki hulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi na mashine ikisogezwa sana inaweza kukaribia hapo. Kwa asiye nayo, saluni haiko mbali, Kibera wala Kawangware. Stika ikilegea ivute polepole kuelekea nyuma yake yenyewe, ikilala karibu na uso. Inyanyue kwa kona ya kadi ya plastiki iliyokwisha kazi. Kisu na wembe vikae mbali.

Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kupikia, ya nazi au ya mtoto, kwa pamba, na uache robo saa. Itaviringika chini ya kidole. Mafuta hayo yasilazwe juu ya plastiki usiku kucha, kwani plastiki iliyokazwa kwa skrubu inaweza kupasuka ikikaa na mafuta muda mrefu. Yafute, kisha urudie maji ya sabuni hadi uso usiteleze tena. Ikikataa, rudia joto na mafuta. Mara tatu za mafuta ni salama kuliko mara moja ya thina. Tapentaini ya madini inayouzwa katika maduka ya rangi huweza kumaliza ukaidi kwenye laka ya poliyurethani, baada ya kujaribiwa chini ya boksi. Kwenye plastiki mimi siipendekezi.

Kuna hali moja ambapo spiriti ni rafiki. Baadhi ya vidude vya sauti na rimoti za miaka ya karibuni hupakwa utando laini wa mpira ambao baada ya miaka huoza na kunata vidole. Huo haupangusiki, kwa sababu ndio wenyewe umeharibika. Futa kwa spiriti kidogo kwenye pamba mpaka utando wote utoke, ukijua maandishi yaliyochapwa juu yake yataondoka nao. Maandishi mengine ya vitufe vya mbele yamechapwa kwa wino vivyo hivyo, na ndiyo sababu wufa nyingi mtaani hazijui tena ni kitufe kipi cha besi na kipi cha sauti.

Dawa ya meno nayo ina wafuasi wengi. Ina unga wa kusugua, na ukali wake hutofautiana kutoka chapa hadi chapa. Itapunguza mkwaruzo mmoja na kuacha duara lisilong'aa kuuzunguka. Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, haiyeyushi gundi hata kidogo, lakini hubadilisha rangi na kula chuma cha skrubu na cha wavu. Unga wa kusugulia na waya wa sufuria sitavizungumzia.

Jambo la thina lina upande ambao ni mzito kuliko spika. Katika chumba cha futi 10 kwa 10 chenye kitanda, jiko na dirisha moja dogo, mvuke wa thina au petroli hushuka chini kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, ukatambaa sakafuni hadi kwenye moto. Kibera imezika watu kwa moto ulioanza kwa kidogo kuliko hicho. Na kwa kuwa bidhaa hizi hununuliwa kwa kipimo cha kadogo, huwekwa katika chupa za soda, na mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Thina, petroli au mafuta ya taa yakinywewa huweza kuingia mapafuni na kuua. Sioni doa la stika linalostahili hatari hiyo.

Vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu huvitandika juu ya redio na wufa ni kinga nzuri, nami nafurahi kuviona bado. Viwe vinafuliwa, maana vikijaa mchanga huwa msasa. Vinyanyuliwe wima, visiburutwe. Visifunike matundu ya hewa ya nyuma, na wakati wa kusikiliza kwa sauti kubwa viondolewe kabisa.

Kwa nini kuhangaika hivi kwa ajili ya sura? Kwa sababu wufa kwa familia nyingi za mitaa hii ni akiba. Karo ikichelewa huuzwa Toi, au hupelekwa kwa shailoki, mkopeshaji wa mtaani, kama rehani, na yule anayeipokea hutazama uso kabla ya kuwasha. Mwenye kuipoteza sura ameipoteza bei. Wauzaji wengine wanalijua hili na huipuliza spika kuukuu polishi ya dashibodi ya gari, yenye silikoni, ikang'aa siku hiyo na mikwaruzo ikajificha. Mnunuzi apanguse pembe moja kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kabla ya kutoa pesa. Kinachobaki baada ya hapo ndicho anachonunua. Na stika yenye nambari ya chombo asikubali iwe imebanduliwa, wala asiibandue mwenyewe, maana chombo kikiibwa ndiyo itakayoandikwa katika kitabu cha polisi pamoja na risiti.

Ninalo ombi moja kwa waagizaji na wenye maduka, kutoka Luthuli Avenue hadi Barabara ya Naivasha. Stika za KEBS, za bei na za dhamana zibandikwe mgongoni au chini ya chombo, kamwe zisibandikwe usoni. Kufanya hivyo hakuongezi gharama yoyote. Nawe msomaji, chupa ya thina iliyo chini ya kitanda chako, mpe seremala leo.